Maji Nyuma ya Marumaru

Ukuta wa bafu ukianza kuharibika, anayegundua mapema ni yule anayelala chumba cha jirani. Rangi inavimba nyuma ya kitanda, inabanduka vipande, na ukipitisha kiganja unga mweupe unakushika vidoleni. Bafuni kwenyewe marumaru zinang'aa na hakuna anayezishuku. Ndiyo maana simu nyingi ninazopokea huanza kwa maneno yale yale: "Fundi, njoo unipigie rangi chumbani, ukuta unatoa chumvi." Nikifika nautazama huo ukuta, tunasalimiana vizuri na mwenye nyumba, kisha naomba anioneshe bafu.

Mimi ni fundi mwashi. Uashi nilijifunzia Unguja, kwenye nyumba za Mji Mkongwe, halafu maisha yakanivusha hadi Dar es Salaam, ambako kwa miaka mingi kazi yangu kubwa imekuwa kubomoa mabafu ya watu na kuyajenga upya. Mbomoaji hujua mambo ambayo mjenzi hayaoni, kwa sababu hukuta ukutani matokeo ya kila kilichofanywa na kila kilichorukwa. Haya ninayoandika nimeyakuta huko.

Kubwa kuliko yote ni kwamba marumaru haizuii maji. Najua inavyosikika, maana watu wengi hununua marumaru kwa imani hiyo hiyo. Chukua moja ya zile za ukutani za bei ya kawaida, igeuze, idondoshee maji mgongoni. Yatanyweka huku unaangalia. Uso wake una tabaka la kioo lililochomwa tanuruni, hilo halipitishi kitu, lakini mwili wake ni udongo wa kuchoma unaoweza kunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Zile ngumu za poseleni hunywa asilimia 0.5 au chini ya hapo, na hizo ni bora kweli. Lakini hata ukinunua poseleni tupu, bado una viungo. Piga hesabu: kona ya kuogea yenye kuta mbili, kila moja upana wa mita 1 na kimo cha mita 2, ukiibandika marumaru za sentimita 30 kwa 60 utapata kama mita 20 za viungo. Ukitumia za sentimita 20 kwa 30 zinapita mita 30. Urefu wote huo umejazwa grauti au simenti nyeupe, vitu ambavyo vina vinyweleo na hupasuka nyufa za unene wa unywele vikishakauka. Maji yanapita hapo kila siku. Hayapiti mengi, ila yanapita asubuhi na jioni, mwaka mzima.

Kwa hiyo kinachoulinda ukuta ni kile kilichopakwa nyuma ya marumaru kabla hazijabandikwa. Na hicho ndicho kinachorukwa, kwa sababu mgeni hakioni, na kwa sababu siku ya kukipaka fedha za ujenzi zimekwisha kukaribia mwisho. Nimebomoa bafu lenye marumaru za gharama kubwa zilizotoka nje ya nchi, miksa ya kung'aa (koki ya kuchanganya maji moto na baridi), kioo cha kuzuia maji yasiruke, na nyuma yake nikakuta lipu tupu iliyolowa hadi unaichimba kwa kidole. Robo ya fedha za ile miksa ingelinda ukuta mzima.

Lipo jambo lingine ambalo limenichukua muda kulielewa, nalo linahusu jinsi tunavyooga. Nyumba nyingi nilizoingia zilijengwa kwa ajili ya ndoo na kata. Mtu anajimwagia, maji yanashuka mwilini hadi sakafuni, ukutani yanaruka matone tu, tena chini ya kiuno. Kwa bafu la namna hiyo niru nzuri ya saruji, yaani saruji laini iliyosuguliwa juu ya lipu, ilitosha, na nimeona niru za zamani ambazo hadi leo hazijaleta shida yoyote. Marumaru zilipoenea, watu wakazipandisha hadi kifuani na juu wakaacha rangi, kwa kuwa juu hakukuwa na maji. Kisha likaja bomba la mvua. Tenki likapandishwa kwenye mnara, hita ya umeme ikafungwa, na sasa maji yanaupiga ukuta kuanzia juu ya kichwa, kila mtu dakika kumi, na nyumba ina watu sita. Ukuta ni ule ule wa enzi za ndoo. Ukiona bafu ambalo rangi imechanika kuanzia pale marumaru zinapoishia kwenda juu, usimlaumu aliyelijenga. Matumizi yamebadilika na ukuta haukubadilishwa. Dawa yake ipo: lile eneo la kuogea lifunguliwe, lipakwe kinga na kupandishiwa marumaru hadi juu ya kichwa cha bomba.

Tofali letu la saruji na mchanga linanyonya. Chovya ncha ya mkate kwenye chai uone chai inavyopanda hadi mahali ambapo hukuchovya. Maji ndani ya tofali hufanya hivyo hivyo, yanapanda, yanakwenda pembeni, yanatokeza upande wa pili. Njiani yanayeyusha chumvi iliyomo kwenye saruji, kwenye mchanga, au kwenye maji yenyewe ikiwa nyumba inatumia kisima cha maji ya chumvi kama vilivyo vingi karibu na bahari. Yakifika upande mkavu yanageuka mvuke na kwenda zake, chumvi inabaki. Ikijikusanya chini ya rangi inakuwa fuwele, na fuwele zina nguvu: zinasukuma rangi, baadaye zinasukuma lipu yenyewe. Mchanga wa baharini usiooshwa huzidisha tatizo mara nyingi, na ukiwa karibu na nondo unazila. Nimefungua lenta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, kwenye bafu moja Kigamboni nikakuta nondo zimevimba kutu na kupasua zege kutoka ndani.

Kabla ya kushika nyundo lazima ujue maji yanatoka wapi. Kwangu hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na hapa ndipo fedha za watu hupotea. Unyevu wa ukutani unaweza kuwa na vyanzo vitatu vinne vinavyofanana usoni. Kama umepanda kutoka ardhini, utauona kwenye kuta nyingi za nyumba, hata za sebuleni, ukiwa na mstari unaokwenda karibu sawa, kwa kawaida chini ya mita 1 au zaidi kidogo. Huo ni ugonjwa wa msingi uliojengwa bila nailoni au lami ya kukata unyevu, na bafu halihusiki. Kama uko kwenye ukuta wa bafu peke yake na umeanzia kwenye pembe ya sakafu, shuku maji ya kuogea. Kama una umbo la duara au unafuata mstari wa kwenda juu usawa wa koki, shuku bomba lililozikwa ukutani.

Kuhakikisha kuhusu bomba si kazi ngumu. Funga koki zote za nyumba, soma mita au weka alama kwenye kimo cha maji ya tenki, nenda kalale. Asubuhi ikiwa namba imesogea au maji yameshuka, kuna mahali panavuja. Watu hunibishia: "Fundi, bomba lingevuja tungesikia." Si lazima. Kimo cha mita 10 ndicho kinachotoa presha ya baa 1. Tenki lililo kwenye mnara wa mita 4 linatoa baa 0.4 tu. Kwa presha hiyo kitundu kwenye elbo, kile kiungo cha kona cha bomba, hakirushi maji, kinatoka jasho, na kinaweza kutoka jasho miaka miwili bila mtu kusikia chochote. Mabomba ya zamani ya chuma huoza kwenye hesi, pale yanapoungana, hasa kwa maji ya chumvi. Ya PPR, yale ya plastiki, hayaozi, lakini yanaunganishwa kwa moto, na aliyeunganisha kwa haraka huacha kiungo kisichoshikana vizuri.

Mita ikikaa kimya usiku kucha, basi ni maji ya kuogea. Hapo naomba familia ioge kwingine kwa muda, hata kwa ndoo uani, ili nione kama ukuta wa chumbani unaanza kukauka. Ukikauka umejibu. Baada ya hapo naziba tundu la kutolea maji sakafuni, najaza maji kimo cha sentimita 3 hivi, naweka alama ya penseli, nasubiri saa 24. Maji yakishuka kuliko yanavyoweza kukauka kwa hewa tu, sakafu ndiyo mkosaji. Yasiposhuka, ni ukuta. Jaribio hili halihitaji chombo chochote cha kununua na limewaokoa watu wengi wasibomoe kisichohusika. Mama mmoja alikuwa ameshakubaliana na mtu abomoe kuta zote mbili. Tulipojaza maji tukaona yanashuka haraka, na shida ilikuwa pete ya tundu la sakafu peke yake. Ilifunguliwa sehemu ndogo ya sakafu, kuta zikaachwa.

Kuna tiba moja ambayo ningependa iachwe kabisa. Mwenye nyumba anaona rangi inabanduka chumbani, anamwita mpaka rangi, naye anakwangua, anapaka dawa ya kuzuia maji upande huo huo wa chumbani, juu yake rangi ya mafuta. Kwa miezi michache ukuta unapendeza. Lakini maji bado yanaingia kutoka bafuni, na sasa umeyafungia mlango wa kutokea. Yatapanda juu zaidi, yatatokeza karibu na swichi ya taa au kwenye dari, na siku hiyo uharibifu utakuwa mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Kinga hupakwa upande yaliko maji. Upande mkavu uachwe upumue.

Hili nililiona kwanza Unguja, kabla sijajua kulieleza. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, kuta nene, na ghorofa zake zinabebwa na boriti za mikoko; upana wa vyumba vyenyewe umefuata urefu wa boriti, mita 2.5 hadi 3. Ukuta wa chokaa unalowa na kukauka, unalowa na kukauka, na haudhuriki kwa muda mrefu. Kisha watu wakaweka mabafu ya bomba la mvua ghorofani, na kuta zikapigwa lipu ya saruji ili "zikae imara". Saruji ikaufungia ule unyevu ndani. Mzee aliyenifundisha kazi alinipandisha ngazi siku moja chini ya bafu la namna hiyo, akanionesha boriti ambayo katikati ilikuwa ngumu hata msumari hauingii. Akaniambia nitafute mwisho wake, pale inapozama ukutani. Nikapeleka mkono na kipande kikabaki kiganjani. Ncha yote ilikuwa imeoza ndani ya ukuta, na juu yetu watu walikuwa wanaoga. Alinizoesha tangu siku hiyo kuanza na swali la maji yataondokea wapi, ndipo nifikirie pambo.

Ukienda Kidichi, huko huko Unguja, nje kidogo ya mji, utakuta hamamu aliyoijenga Sayyid Said bin Sultan mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Ni jengo la kuoga, lenye kuba, na kuta zake za ndani zina lipu ya chokaa iliyochongwa maua na ndege. Limezeeka, limepata madoa na ukungu, lakini michongo bado inasomeka. Mimi hulitazama kama fundi. Waliolijenga hawakuwa na dawa za kopo. Walikuwa na chokaa iliyoiva na subira ya kuisugua mpaka ifunge. Kwa nyumba ya mawe ya aina hiyo, hadi leo ningemshauri mwenye nyumba amtafute fundi wa chokaa, na bafu likae sehemu yenye sakafu ya zege iliyotengwa na boriti. Haya ya hapa chini ni kwa nyumba zetu za tofali za saruji.

Ukishaamua kufungua ukuta, fungua kweli. Marumaru zitoke, lipu iliyolowa itoke hadi tofali, na ukuta uachwe wazi mpaka ukauke. Wakati wa masika huo muda unakuwa mrefu na lazima ukubali. Mabomba yajaribiwe kabla hayajafunikwa: fundi bomba alete pampu ya mkono, afunge ncha, apandishe presha iliyo juu ya ile ya matumizi, asubiri sindano ya kipimo cha pampu isimame bila kushuka. Halafu chukua simu upige picha ukuta mzima, mabomba yakiwa wazi, na futi ya kupimia ikiwa imewekwa ukutani ionekane kwenye picha. Miaka kumi baadaye mtu akitaka kutoboa tundu la kutundikia taulo, picha hiyo itamwonesha pa kutoboa.

Lipu mpya ipigwe kwa mchanga wa mto uliochekechwa, ndoo 4 kwa ndoo 1 ya saruji, imwagiliwe maji kwa siku 7 ndipo ikomae. Jipsam na puti ya kulainishia ukuta visikaribie eneo la kuogea. Vinalainika vikilowa na marumaru zinashuka navyo. Sakafu ipewe mwinamo kuelekea kwenye tundu, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, upimwe kwa pimamaji na ujaribiwe kwa maji kabla ya marumaru. Maji yanayosimama sakafuni ndiyo yanayoingia kwenye pembe ya ukuta, hivyo mwinamo mbaya ni ugonjwa wa ukuta ingawa uko chini.

Ndipo ije kinga yenyewe. Madukani zipo aina mbili zinazofaa zaidi: ya unga wa saruji unaochanganywa na maji yake ya mpira, na ya mpira wa kopo unaopakwa kama rangi. Mimi hupenda ya saruji kwenye tofali zetu kwa sababu inashika vizuri na gundi ya marumaru inaipenda. Ukuta uloweshwe kidogo kwanza, usiwe na maji yanayotiririka. Anza na pembe zote: pale ukuta na ukuta vinapokutana, na pale ukuta na sakafu vinapokutana, weka utepe wa kitambaa au wavu ndani ya tabaka la kwanza. Tofali hutanuka na kunywea kwa joto na unyevu, kuta mbili hazitembei pamoja, na kinga isiyo na utepe hupasukia hapo hapo. Zunguka kila bomba linalotokeza, na tundu la sakafuni, kwa umakini huo huo. Nikifungua bafu ambalo kinga ilipakwa lakini likavuja, mara nyingi nakuta maji yalipita kwenye koki au kwenye pembe, katikati ya ukuta kukiwa kukavu.

Tabaka la kwanza lipakwe kwa kulala, la pili kwa kusimama, ili brashi ya pili izibe mistari ya ile ya kwanza. Ni mengi watu wanayobana hapa: wanachanganya na maji kupita kiasi ili kopo lifike mbali, wanapaka nyembamba hadi unaona lipu kwa chini. Unene ukikauka uwe walau milimita 1. Kimo kifike sentimita 180 au juu ya kichwa cha bomba la mvua, lipi lililo juu. Sakafu yote ipakwe, na kwenye kuta nyingine zisizo za kuogea ipande sentimita 15. Kisha rudia jaribio la kujaza maji saa 24, safari hii juu ya kinga, kabla marumaru hata moja haijagusa ukuta. Nawaomba wenye nyumba wasimame wenyewe siku hiyo waone alama ya penseli. Fundi akikuambia hakuna haja, mwambie utamlipa hiyo siku ya kusubiri.

Marumaru zenyewe zibandikwe kwa gundi iliyotandazwa ukutani kwa mwiko wa meno, mgongo wote ushike. Ule mtindo wa kuweka mabonge matano nyuma ya marumaru na kuigonga ukutani unaacha mashimo, na mashimo hayo hujaa maji yanayokaa humo yakinuka. Ukigonga kwa kifundo cha kidole utasikia: iliyoshika inatoa sauti nzito, iliyo tupu inalia. Viungo vijazwe grauti, lakini kwenye pembe zote usiweke grauti wala simenti nyeupe. Pale weka silikoni ya bafuni, ile yenye dawa ya ukungu, kwa sababu inavutika kuta zikitembea. Haidumu milele, baada ya miaka kadhaa itaanza kuachia au kuwa nyeusi, uikate yote kwa wembe, ukaushe, uweke nyingine. Kibao cha sabuni na vining'inizio vya taulo, kama unaweza, vibandike kwa gundi. Ukilazimika kutoboa, jaza silikoni kwenye tundu kabla ya kuingiza skrubu, kwa kuwa umeshaitoboa kinga pia.

Kuhusu chumba cha upande wa pili sitasema mengi. Lipu mbovu ikwanguliwe hadi sentimita 30 juu ya mstari wa unyevu, chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu bila kuoshwa, kwani ukiiosha unairudisha ndani. Gundisha kipande cha nailoni ukutani kwa tepu kingo zote, ukiache siku mbili. Ukikuta matone nyuma yake, ukuta bado haujakauka. Rangi ya maji itafuata, siyo ya mafuta.

Kuna kitu kingine kinachoua kuta za bafu, na kinafanywa kwa nia njema kabisa: usafi. Dada wa kazi au mama mwenyewe anataka marumaru zing'ae, ananunua asidi ya chooni, anamwaga ukutani na kusugua. Asidi inayeyusha saruji. Kila ukisugua unapunguza grauti, na baada ya muda viungo vinakuwa mifereji iliyo wazi. Nimekuta mabafu yenye umri mdogo ambayo viungo vyake vimeliwa kiasi cha kuingiza ukucha. Sabuni ya maji na brashi laini vinatosha kwa kila siku. Kwa ukungu mweusi, dawa ya klorini iliyozimuliwa, ikae dakika chache, ioshwe. Na tafadhali, asidi na klorini visikutane kamwe, hata kwenye ndoo moja: vinatoa gesi ya sumu, na bafu ni chumba kidogo. Baada ya kuoga fungua dirisha na mlango. Bafu lisilo na dirisha liwekewe feni ya kutolea hewa inayotoa nje, siyo darini.

Kwa mpangaji ambaye hana ruhusa ya kubomoa, yapo ya kufanya. Badilisha silikoni na ujaze upya viungo vilivyoliwa. Pazia la plastiki lifike chini ya ukingo. Elekeza kichwa cha bomba mbali na ukuta wenye shida, na mkiweza, ogeni kwa ndoo upande ule mpaka utengenezwe. Piga picha zenye tarehe, mtumie mwenye nyumba mapema kwa heshima, umweleze kwamba leo ni pembe moja na mwakani ni ukuta. Wengi husikia wakioneshwa.

Ila kama kwenye ukuta huo imefungwa hita ya umeme, na siku moja ukigusa koki ukahisi mkono unawashwa au unatetemeka, usiendelee kuoga na usisubiri mwenye nyumba. Toka, zima swichi kubwa, mwite fundi umeme akague waya wa ardhi na njia ya nyaya zilizopita ukutani. Maji yaliyokwishaingia ndani ya tofali hufuata bomba la nyaya kama yanavyofuata njia nyingine yoyote. Hita isiwashwe tena mpaka fundi huyo aseme ukuta ni salama.